Vijana kanisani: wanunuliwe spika, au wafunguliwe daftari la hesabu?

Mwanzisha mada, Masasi

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, tulijadili hili bila kuoneana haya, maana nimelibeba moyoni tangu msimu wa korosho uliopita.

Kigango chetu, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, jina naliacha, kina shamba la mikorosho la kanisa. Mwezi wa saba likasomwa tangazo Jumapili: vijana waje kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Tukatokea 14. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua, salfa inapulizwa alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na maua, ili unga ushike. Jua likishapanda unamwaga dawa bure, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unakula maua yote. Basi saa 11 alfajiri tuko shambani, mashine ya kuazima, kitambaa mdomoni, macho yanawasha hadi mchana. Tulirudia zoezi hilo mara kadhaa. Mwezi wa kumi tukaokota, tukatenganisha korosho na mabibo, tukaanika, tukabeba magunia hadi chama cha msingi cha ushirika. Mnada ukapita, pesa ikaingia.

Mimi ni katibu wa vijana. Nilimfuata mweka hazina nikamwuliza kwa adabu: baba, tumepata kilo ngapi na shilingi ngapi? Alikuwa na lile daftari la kava gumu kwapani. Hakulifungua. Alilibana zaidi kwa kiwiko, akasema, "Mwanangu, hayo ni mambo ya wazee. Nyie mtashonewa sare za kwaya."

Sare tulishonewa, na ni nzuri. Lakini katika wale 14, Jumapili nawahesabu 5. Wawili wako kwa walokole, ambako hawakumaliza mwezi kabla hawajakabidhiwa kazi. Wengine wako nyumbani tu.

Kila tukikaa kuzungumzia vijana kutoshiriki, dawa ni zilezile: kinanda kipya, spika, bonanza la mpira, semina. Hivyo vyote ni vizuri, sivikatai. Ila kijana anaondoka akishaona kwamba kwenye jembe anaitwa, kwenye kuamua haitwi. Maaskofu walikaa sinodi nzima Roma Oktoba 2018 kwa ajili yetu, na Machi 2019 Papa Fransisko akatuandikia waraka kwamba sisi ni sasa ya Mungu, tusisubirishwe kuwa kesho. Kigangoni kwetu bado tunasubirishwa.

Pendekezo langu: kigango chenye mradi, theluthi ya kamati ya uchumi wawe wenye miaka 18 hadi 30, wawe na kura sawa na wazee, na mapato yasomwe hadharani kanisani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 97, inamtambua aliyetimiza miaka 18 kuwa mtu mzima. Serikali inampa kura ya kumchagua Rais. Anayepinga anipe sababu.

Katekista mstaafu, Nachingwea

Milele na milele, amina. Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Napinga, na sikudharau.

Nimefundisha dini miaka 31 kwa baiskeli, vigango vitatu. Mwaka mmoja tuliwapa vijana mbuzi wa mradi, wakachagua viongozi wao wenyewe. Masika hayajaisha, mwenyekiti yuko Dar es Salaam, katibu ameoa amehamia ukweni. Mbuzi wakabaki kwa bibi mmoja mjane, akawa anawakatia majani hadi wakaisha mmoja mmoja. Kijana wa huku kwetu ana miguu. Msimu ukiisha yuko mjini, mvua zikianza amerudi, akioa kaenda kwa wakwe. Kamati ya uchumi inataka mtu ambaye mwezi wa kumi na mbili atakuwepo kujibu alichosaini mwezi wa kwanza.

Halafu hiyo kura unayoidai haipo. Kanuni ya 536 inasema halmashauri ya kichungaji ya parokia ina sauti ya ushauri tu. Hata mimi na mvi zangu sikuwahi kuwa na kura mbele ya paroko. Kanisa lisigeuzwe tawi la chama.

Linaloniuma zaidi ni kipaimara. Watoto wanakuja mafundisho kwa bidii, Askofu akishawapaka krisma, Jumapili inayofuata nusu huwaoni. Hao hawakunyimwa daftari, hawakuwa hata na shamba. Nyumbani hakuna sala ya jioni, baba yuko kilabuni, mama anakwenda kanisani peke yake. Tuanzie hapo kwanza.

Dereva boda, Mtwara mjini

Shikamoo katekista. Mimi sijaacha kusali, misa ya kwanza nahudhuria. Lakini jumuiya yetu, ile ya kusali nyumba kwa nyumba mtaani, inakutana Jumamosi alfajiri, na ndiyo saa ninayobeba wachuuzi wa samaki wanaotoka kivuko cha Msangamkuu. Asiyeonekana jumuiya akitaka ubatizo wa mtoto anazungushwa. Niliomba tuwe tunakutana na jioni, hata mara moja kwa mwezi. Nikajibiwa kwamba jumuiya haiwezi kufuata ratiba ya pikipiki. Hesabu zenu mimi sizihitaji. Nahitaji saa.

Mama mlezi wa vijana, Lindi

Katekista shikamoo. Mwanangu katibu, hongera kwa kulianzisha. Ila nimesoma kote huko juu sijaona neno "binti".

Niwape niliyoyaona kwa macho. Tulikuwa na semina ya vijana siku tatu, mada ni nafasi ya kijana katika Kanisa. Wavulana ukumbini na madaftari, wasichana jikoni. Nilipotoka kuangalia chakula, nikamkuta mmoja amesimama nje ya dirisha la ukumbi na ungo wa mchele mikononi. Vidole vinachambua, macho hayako kwenye mchele kabisa, masikio yote yako ndani. Aliponiona akashtuka, akaomba radhi kwa kusikiliza. Aliomba radhi! Siku ya pili niliwaingiza wote, chakula kikachelewa hadi saa tisa, nikasemwa na wazee. Sijutii.

Binti wa Kimwera au Kimakonde akishatoka unyagoni, nyumbani ni mtu mzima, anaulizwa neno. Akifika kanisani anarudishwa kuwa mtoto hadi aolewe. Akiteleza akapata mimba, hapo ndipo tunapoipoteza nyumba nzima. Nimeshuhudia binti akiondolewa kwaya na jina lake kusomwa kwenye matangazo, na aliyempa mimba anajulikana, anapiga kinanda Jumapili hiyohiyo. Binti hakurudi. Mama yake akapunguza kuja. Wadogo zake wawili wakahamia kanisa jingine. Na sisi watu wa kusini tunajua ukoo unakwenda kwa mama. Ukimvunja binti mmoja, umewaondoa na watoto ambao hawajazaliwa.

Kwa hiyo theluthi naiunga mkono, iwapo nusu yake ni mabinti.

Mwanglikana, Masasi

Mtaniwia radhi kuingilia, lakini jambo hili lina historia hapahapa kwetu.

Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Masasi mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Mmoja wa waliopitia utumwa ule, Cecil Majaliwa, alikabidhiwa kituo cha Chitangali huku kusini, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Hawakungoja aote mvi. Kazi ilikua mikononi mwake.

Kisha yuko Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926. Wenzake wengi walilipiga vita jando, yeye akaliingiza ndani ya Kanisa, likawa na sala na mafundisho. Kijana aliyetoka pale alikuwa mtu mzima kwa ukoo na kwa Kanisa kwa pamoja. Mama wa Lindi ana haki ya kulalamika, kwa sababu kwa upande wa wasichana jitihada hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Siku hizi jando lina kalenda yake na kipaimara kina yake, na hakuna hata kimoja kinachomwambia kijana: kuanzia kesho, kazi yako kanisani ni hii. Hapo, katekista, nadhani ndipo wanapopotelea wale wako.

Mwanzisha mada

Katekista, shikamoo. Kanuni ya 536 umenishinda, neno "kura" nalifuta. Lakini tusome na za mbele yake. Ya 537 inataka kila parokia iwe na halmashauri ya uchumi. Ya 1287 inataka wasimamizi wa mali ya Kanisa wawape waamini hesabu ya vile waamini walivyovitoa. Haikutaja mvi. Jasho letu la saa 11 alfajiri nalo tulilitoa. Nilichomwuliza mweka hazina ilikuwa haki yangu nikiwa mwamini, kabla sijafikia kuwa kijana.

Kuhusu miguu yetu, ni kweli, tunahama. Basi kila nafasi iwe na mtu na msaidizi wake, akiondoka mmoja, mwingine ana daftari.

Mama, umenigusa pabaya. Katika wale 14, watano walikuwa wasichana. Hao ndio waliookota na kuanika, na mimi katibu wao nimewaandika "vijana" nikapita. Naomba mnisamehe. Boda, la saa nalipeleka kwenye kikao changu cha kwanza, naona ni jepesi kuliko tunavyolifanya.

Katekista mstaafu, Nachingwea

Marahaba wanangu. Kanuni ya 1287 nimeifungua usiku huu kwa miwani na tochi. Uko sahihi, na mimi miaka 31 sikuwahi kuisomea watu.

Theluthi bado napinga. Ila shamba ligawanywe: safu kadhaa za mikorosho ziwe za vijana kwa misimu miwili, palizi yao, salfa yao, mauzo yao, na mapato wayasome wenyewe mbele ya altare mwaka hadi mwaka. Wakiyumba tutaona, wakisimama tutaona. Mweleze paroko wako hivyo kabla palizi haijaanza, na mkubaliane nani ananunua mfuko wa kwanza wa salfa, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi inapofia.

Mama wa Lindi, la mwisho ni lako. Katika kigango changu cha pili palikuwa na binti wa namna hiyo. Padri alikuwa anatufikia mara moja kwa mwezi, matangazo nilikuwa nasoma mimi. Jina lake nililisoma mimi. Nasikia anaishi Ruangwa, ana watoto watatu. Sijawahi kumfuata. Alhamisi kuna gari, nitakwenda.