Tunaombwa dola 150 za dosie (faili ya maombi) ili tupate msaada wa wanawake. Tulipe?

MamaSambaza_Bkv
Jambo kwenu wote. Tuko wamama 23, wengi wajane, tunauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, pale Beach Muhanzi, Bukavu, Kongo. AVEC yetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ina miaka minne, sanduku la funguo tatu, hakijawahi kupotea hata franka. Kinachotuumiza ni mvua. Ikinyesha siku mbili sambaza hazikauki, zinaoza, mtu anakula mtaji. Tunataka vichanja vya kuanikia vyenye paa. Sasa kijana mmoja ametuletea karatasi ya mfuko wa wanawake wa dunia, ati kuna dola 10,000, ila tutoe kwanza 150 za kufungua dosie. Wenzangu wameanza kuchanga, mimi roho inasita. Halafu hatuna asbl (shirika lililosajiliwa, lisilo la faida) wala konti ya benki.

Kadutu_Juu
Musilipe! Kikundi cha bibi yangu kilitoa 80. Simu ya yule bwana haijaingia tena.

DadaWaDosie
Ma, mifuko ya kweli haiuzi fomu. Global Fund for Women ya Marekani (1987), Mama Cash ya Amsterdam (1983), AWDF, mfuko wa wanawake wa Afrika, ya Accra (2000): yeyote anayedai pesa kwa jina lao ni mwizi.

Ila kuna jambo mnalofichwa. Mama Cash haidai usajili, na maombi ya Kifaransa inapokea. Lakini biashara, au mradi wa kupunguza umaskini peke yake, haigharamii. Ukiandika "tunaomba vichanja" umekwisha. Wanatafuta wanawake wanaojidaia haki zao wenyewe. Basi nikuulize: pale Beach, kodi za asubuhi nani anazipanga?

MamaSambaza_Bkv
Eh dada, hapo umegusa kidonda. Beseni moja linatozwa mara tatu, kila mtu na kijitabu chake, mwingine hana hata risiti. Mwaka jana tuligoma wote siku mbili, hakuna aliyeshusha beseni. Kodi zikabaki mara moja tu kwa beseni, miezi kadhaa. Sasa wameanza tena. Kumbe na hiyo ni mradi?

DadaWaDosie
Hiyo ndiyo dosie yenyewe! Andikeni tarehe, mlikuwa wangapi, mlijibiwa nini. Msiongeze chumvi, watapiga simu kuuliza. Pigeni picha daftari la AVEC. Vichanja vitafutieni mlango mwingine, kwa wanaoshughulika na uvuvi.

Asbl anzeni, ila msiingoje: kwa sheria ya Kongo 004/2001 saini ya mwisho ni ya Waziri wa Sheria, Kinshasa, nayo haina haraka. Konti ndiyo ngumu tangu benki za hapa zilipofunga Februari 2025. Sisi pesa zetu zilipitia konti ya asbl rafiki. Asilimia watakayokata iandikwe na isainiwe KABLA pesa haijafika. Tuligombana kwa hiyo, mpaka leo hatusalimiani vizuri.

Seremala_Essence
Mimi mambo ya Amsterdam siyajui. Lakini hizo 150 mnazotaka kumpa kijana, kwa mianzi na bati chache, zinasimamisha kichanja kimoja. Mkono wangu mtanilipa kwa sambaza.

MamaSambaza_Bkv
Aksanti sana. Pesa zimerudi sandukuni jioni hii, tumezihesabu mbele ya wote. Kijana anapiga simu tangu saa kumi. Papa seremala, bati namba 32 zitastahimili upepo wa ziwa?

Seremala_Essence
Hapana Ma. Chukua 28, ndiyo nene zaidi. Kesho saa mbili nipo Beach na mita.