Daktari alimruhusu, mhasibu akamzuia, sasa wametuletea wakili

Wakuu, nimesubiri siku mbili kabla ya kuandika ili nisitukane mtu. Hasira haijaisha, mnivumilie.

Mama yangu mkubwa ana miaka 64, kazi yake kuanika dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mwaka jana mwezi wa nane, alfajiri, akiwa kwenye boda kuwahi mitumbwi, boda akakwepa shimo wakaanguka. Mfupa wa paja ukavunjika. Boda akamwinua, akamwambia "pole mayu", akawasha pikipiki na hatujamwona mpaka leo. Huyo ana uzi wake, siku nyingine.

Akapelekwa hospitali moja hapa jijini. Siitaji, nimeshaambiwa nisijiongezee kesi. Akapasuliwa, akawekewa chuma, na nisiwe mnafiki: daktari alifanya kazi yake, na manesi wa wodi ile Mungu awazidishie. Leo anatembea na fimbo. Shida yetu haikuwa wodini. Ilikuwa kwa mhasibu.

Bili ilifika 1,460,000. Ukoo ukachangishana kwenye lile grupu la WhatsApp la misiba, ikapatikana 620,000. Sasa humo ndani ya bili kuna 90,000 ya kitanda, siku tisa, BAADA ya daktari kuandika aende nyumbani. Daktari anasema nenda, mhasibu anasema hutoki, na kitanda unachozuiliwa juu yake unakilipia wewe mwenyewe. Hata gesti za Igoma ukitaka kuondoka wanakufungulia geti. Siku ya tisa wakaleta karatasi ya kukiri deni la 840,000. Mama mkubwa akaweka dole gumba, mimi nikasaini kama mdhamini, kitambulisho chake cha NIDA kikabaki kwenye droo ya uhasibu.

Nirudie: ana miaka 64. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, Sera ya Afya ya 2007 nayo ipo, na zote zinasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Mapokezi pale wamebandika bango kubwa la kutaka wazee wapishwe. Nimekaa chini ya bango hilo siku tisa, nimelikariri mpaka lilipochanika pembeni. Hakuna mtu hata mmoja, si wa dirishani, si mlinzi, aliyesema "hebu nendeni kwa afisa ustawi wa jamii". Huyo ndiye anayekaa na mgonjwa, anamhoji hali yake na kupendekeza msamaha. Chumba chake kiko korido ileile ya dirisha la malipo! Nimekuja kuambiwa na mama muuza uji pale nje, mwezi wa kumi na moja.

Nikarudi mbio. Afisa ustawi ni dada mstaarabu tu, akasema leta barua ya mtendaji wa mtaa na kitambulisho cha mzee tuthibitishe umri. Kitambulisho kiko wapi? Kwa mhasibu. Mhasibu anasema hakitoki mpaka deni liishe. Deni linaisha kwa msamaha, msamaha unataka kitambulisho. Nikaomba basi mnitolee hata kopi. Nikajibiwa mwenye ufunguo wa droo yuko likizo. Wakuu, nilicheka. Nilicheka kwa sauti pale dirishani mpaka mlinzi akaja.

Wiki iliyopita ndiyo ikaja barua ya wakili. Haikuletwa nyumbani, imepitia ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wetu kwa busara zake akaisoma mbele ya watu waliokuja kusuluhishwa ugomvi wa mpaka. Tulipe ndani ya siku 14 au twende mahakamani. Deni sasa ni 1,015,000, maana 175,000 imeongezwa eti "gharama za ufuatiliaji".

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Hospitali imekosa mtu wa kunyoosha kidole na kusema mlango wa ustawi ni ule pale, lakini hela ya wakili imepata. Na hiyo ya wakili tunalipa sisi.

Nimempigia huyo wakili. Akasema mnaweza kulipa kidogo kidogo, 150,000 kila mwezi. Nikamuuliza, bosi, unajua dagaa wanavuliwaje? Wanafuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inalala ufukweni, na mama anayeanika dagaa kwenye chanja naye anakaa. Mguu wenyewe ndio huo, anaanika akiwa amekaa kwenye ndoo. Kimya. Akaniambia nimtumie hoja zangu kwa maandishi.

Najua wapo wa "si mngekata bima". CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, alikuwa nayo, 30,000 ya kaya ya watu sita, iliisha mwezi wa sita. Masika ile dagaa walinyeshewa wakaozea kwenye chanja, waliobaki akauza kama chakula cha kuku. Hakuihuisha. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, yeye anaisikia redioni. Wapo pia wa "hospitali inanunua dawa kwa hela". Sawa kabisa. Ndiyo maana ukoo ulitoa 620,000 badala ya kumtorosha usiku kupitia geti la nyuma, na njia tulionyeshwa.

Jirani mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama anasema kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za fundi havikamatwi kwa deni. Mama mkubwa akauliza je, chanja? Karani akakuna kichwa. Wanasheria wa humu, chanja ni zana ya kazi au siyo? Na mimi mdhamini, pikipiki yangu ipo salama?

Zimebaki siku tano. Kesho asubuhi naenda kwa mganga mkuu wa mkoa na barua ya mtendaji mkononi, bila kitambulisho. Kama kuna mtu alishapata msamaha akiwa tayari ameletewa barua ya wakili, aseme alianzia mlango gani. Wa kuja kunichekesha na kunipa pole, asanteni, ila nitawajibu wiki ijayo.