Mjomba kamsukuma bibi kavunjika mkono, ukoo unataka yaishe ndani. Kisheria tuanzie wapi?

Binti wa Mbagala
Habari zenu wadau, naombeni mawazo na kama kuna mtu wa sheria humu ndio itakuwa vizuri zaidi. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 78, anakaa Mbagala kwenye nyumba yake pamoja na mjomba ambae alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kufa. Wiki hii bibi kaomba kadi yake ya benki, ile anayochukulia pensheni (alikuwa mwalimu wa shule ya msingi), mjomba akaja juu, akamsukuma, bibi kaangukia kizingiti cha mlango wa jikoni mkono ukavunjika pale juu ya kiganja. Jirani alikuwa anafua uani kaona mwanzo mwisho. Hospitali bibi akawaambia kateleza, wakamfunga hogo tukarudi, na mjomba alikuwa amesimama pale pale pembeni yake muda wote.

Sasa mama mkubwa anasema tusiende polisi, tutamwaibisha marehemu babu, kikao cha ukoo kitamaliza. Na sio mkono tu. Simu ya bibi anashika mjomba, kadi anashika yeye, makaratasi ya nyumba anayo yeye, na majirani wanasema kuna dalali kaonekana akiipiga picha nyumba. Bibi kwa sasa yuko kwangu Tandika. Hela ya wakili sina. Naanzia wapi?

Nesi wa Zamu
Pole sana mdogo wangu na umpe pole bibi. Umefanya la maana sana kumtoa pale, asirudi kwanza.

Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, wanapokea na kesi za wazee msiogope jina. Watawapa RB (namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi) na PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha). PF3 ni bure, mtu akitaka hela ya fomu mpigieni TAKUKURU 113. Halafu mrudi na hiyo fomu hospitali ile ile iliyomtibu maana rekodi zake ziko kule, daktari ndio anajaza jeraha ni la aina gani na linaonekana limetokana na nini. Kusema kateleza siku ya kwanza hakujaharibu kitu, wazee wengi wanasema hivyo hivyo mtoto akiwa amesimama hapo, bibi amueleze tu daktari ukweli na kwanini alificha. Ila mjomba asiwepo chumbani. Na muombe daktari amkague mwili mzima sio mkono peke yake. Nimeshawahi kumvua mzee gauni nimpime presha nikakuta mikono kwa juu ina alama za vidole vinne vinne, zingine mbichi, zingine zimeshageuka njano, na kwenye faili kote pameandikwa ameanguka. Zile alama zikiandikwa kwenye PF3 zinaongea kuliko sisi wote, na zinapotea haraka kwahiyo piga na picha leo leo.

Mzee wa Tandika
Binti yangu mimi sitaki kukukatisha tamaa lakini mama yako mkubwa nae ana hoja. Polisi wakishaingia kwenye familia hamtakaa tena kwenye mkeka mmoja. Iteni kikao, wazee wa ukoo, mwenyekiti wa mtaa awepo, mjomba aombe msamaha, arudishe kadi na agharamie matibabu, muandikishane. Nimeona mambo mengi yakiisha hivyo na watu wakaishi.

Msaidizi wa Kisheria TMK
Shikamoo mzee wangu, nakuheshimu sana ila hapa nakupinga. Kikao kifanyike baada ya PF3 sio kabla. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Temeke na karibu kila kesi ya mzee ninayoletewa imeshapita kwenye kikao, mzee kawekwa katikati anaulizwa "unataka mwanao afungwe?" mbele ya huyo huyo anaemlisha, unategemea atajibu nini. Miezi inapita, jeraha limepona, shahidi kahama chumba, ndio wanakumbuka sheria.

Dada yangu jua una mambo mawili tofauti usiyachanganye. La kwanza ni jinai, hiyo ni kesi ya Jamhuri, bibi ni mlalamikaji na shahidi, hamlipi wakili hata shilingi kwasababu mwendesha mashtaka ni wa serikali. Na mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza pia kumuamuru alipe fidia, kwahiyo risiti zote tunza, za dawa, za bajaji ya kwenda kliniki, zote. La pili ni madai ya fidia, hayo mnafungua wenyewe na ukomo wake ni miaka mitatu tangu siku alipoumizwa, ikipita hapo mlango unafungwa.

Kuhusu hela ya wakili, tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mtu asiyejiweza anasaidiwa bure. Kwa Dar nenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), na chama cha mawakili TLS nao wanatoa msaada. Sisi wasaidizi wa kisheria tunakushauri, tunakuandikia barua, tunakusindikiza ofisini, ila kukusimamia mahakamani haturuhusiwi, mtu akikwambia yeye ni msaidizi wa kisheria na atakusimamia kesi kwa laki tatu mkimbie. Pia pita kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa, ripoti yake kuhusu hali ya bibi ina uzito sana.

Sasa nyumba, hapa ndio naona haraka zaidi. Nyumba ina jina la nani? La bibi au la babu?

Binti wa Mbagala
La babu. Ni leseni ya makazi, ile karatasi ya muda ya manispaa, hati hatukuwahi kufuatilia. Na mirathi haikuwahi kufunguliwa, babu alifariki miaka mingi iliyopita tukaona mambo yako sawa tu.

Msaidizi wa Kisheria TMK
Basi hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuiuza, sio mjomba wala bibi mwenyewe, mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Hatari ni mjomba kuwahi kufungua mirathi kimya kimya akaambatanisha muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho hakikukaa. Kwahiyo fanyeni hivi, kesho hiyo hiyo bibi aandike barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba ile ni mali ya marehemu, mirathi haijafunguliwa na hakuna ruhusa ya kuuza, nakala ipigwe muhuri mbaki nayo, nakala nyingine mpeleke manispaa kwenye ofisi ya ardhi iliyotoa leseni. Mnunuzi wa Mbagala kwa kawaida anapita serikali ya mtaa, atakutana nayo hapo. Halafu nendeni Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke (ni mahakama) mkaulize kama kuna mirathi ya babu imefunguliwa, na kama ipo mnaweka pingamizi. Kama hakuna, anzeni nyinyi, na cheti cha kifo mtakihitaji. Na bibi asiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya mtu anaemuamini.

Mama Zuhura
Kadi usisubiri polisi. Mpeleke bibi mwenyewe benki na kitambulisho, wafunge ile kadi wampe nyingine na namba ya siri mpya. Laini ya simu pia, arudishiwe namba yake kwa alama za vidole, ya zamani inakufa hapo hapo. Sisi tulivyomfanyia baba hivyo mtu aliyekuwa anamla pensheni alijileta mwenyewe kuomba kikao.

Binti wa Mbagala
Asanteni sana jamani Mungu awabariki. Swali la mwisho, bibi analia anasema yuko tayari kusema ukweli ila hataki mwanae afungwe. Anaweza kuifuta kesi baadae?

Msaidizi wa Kisheria TMK
Msimdanganye bibi ili akubali kwenda. Mwambieni ukweli kwamba ikishafunguliwa sio yake peke yake tena. Kwa makosa madogo ya kupigana mahakama inaweza kuruhusu watu wapatane, lakini mfupa uliovunjika sio kosa dogo, hapo uamuzi uko kwa mwendesha mashtaka na mahakama. Anachoweza ni kueleza mahakama anachokitaka, kwamba alipwe matibabu, mtoto ahame nyumba, arudishe mali, na hakimu husikiliza hayo wakati wa adhabu. Akae afikirie kidogo ila PF3 ijazwe, kuripoti hakumlazimishi mtu kwenda jela kesho yake.

Mzee wa Tandika
Nimesoma yote, kwenye hilo la PF3 kwanza nimekubali. Ila binti kikao msikifute kabisa. Kifanyike kwako, sio pale Mbagala, na bibi ndio awe wa kwanza kuongea.

Binti wa Mbagala
Sawa babu, nitafanya hivyo. Jirani kakubali kutoa maelezo, kesho asubuhi tunaenda nae kituoni.

Nesi wa Zamu
Bebeni ile eksirei na karatasi za hospitali, na bibi anywe chai kabisa kabla hamjatoka, foleni ya pale ni ndefu.