Kaya ya nyanya na wajukuu Kayole: msaada upi upo, na unaanzia mlango gani

Swali, kutoka Leeds, Uingereza

Habari zenu ndugu na dada. Naomba mwongozo kutoka kwa walio Nairobi na wanaozijua hizi ofisi. Kaya yenyewe ni hii: mama yetu, nyanya wa miaka 71, yuko Kayole kwenye ploti ya kukodi, analea wajukuu watatu ambao wazazi wao wamefariki. Mmoja yuko gredi ya 4 katika shule ya umma, mwingine anamaliza gredi ya 9, na wa tatu ana miaka 11 na ulemavu mkubwa wa viungo. Hatembei wala hali bila kusaidiwa. Pesa inayotoka huku inaishia kwenye kodi na chakula. Kuna msaada gani wa serikali au wa wengine, na tuanzie wapi? Kuna kijana amejitolea kuwasajili wote kwa shilingi 3,500.

Jibu, kutoka Umoja

Dada, hiyo 3,500 usitume. Kusajiliwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, ni bure, kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, ni bure, na kuandikishwa kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu pia ni bure. Anayeomba pesa ya kusajili anauza kitu kisicho chake, na mara nyingi huondoka na nakala ya kitambulisho na namba ya siri ya simu. Hapo hasara huwa kubwa kuliko hiyo 3,500.

Kabla ya ofisi yoyote, angalieni kitambulisho cha nyanya. Fungu la wazee la Inua Jamii ni la waliotimiza miaka 70, na umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye kitambulisho. Wazee wengi walikadiriwa mwaka wa kuzaliwa walipochukua kadi zamani. Ikiwa kadi inasema ana 66, mfumo utamkataa hata kijiji kizima kikimshuhudia. Marekebisho yanafanywa kwenye ofisi ya usajili wa watu na yanahitaji ushahidi, kwa mfano cheti cha kuzaliwa au kadi ya ubatizo. Huchukua muda, kwa hiyo kama kuna kasoro anzeni hapo.

La pili ni laini ya simu. Iwe imesajiliwa kwa jina na kitambulisho cha nyanya mwenyewe. Laini ya mjukuu, ya jirani au ya marehemu babu huleta mgongano wa majina, na malipo yakikwama kwa sababu hiyo kuyakwamua ni safari nyingi za ofisini.

Sasa Inua Jamii yenyewe. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingine hucheleweshwa zikaja za miezi kadhaa pamoja. Kodi ya nyumba msiipangie kwa pesa hiyo. Ina mafungu matatu: wazee wa miaka 70 kwenda juu, kaya zinazolea yatima na watoto walio katika hatari, na watu wenye ulemavu mkubwa. Usajili hupitia kwa chifu au naibu wake, ukisaidiwa na wazee wa mtaa, na majina husomwa kwenye baraza, yaani mkutano wa hadhara wa chifu, ili majirani waseme kama ni kweli.

Hapo kwenye baraza ndipo watu wa Nairobi huangukia. Nyanya ana kitambulisho cha kwao mashambani, lakini anaishi Kayole. Asajiliwe Kayole, kwa chifu wa anakoishi, kwa sababu ndiko majirani wanamjua na ndiko maafisa watamtafuta wakija kuhakiki. Ikiwa jamaa walimsajili pia nyumbani mashambani wakidhani wanamsaidia, namba moja ya kitambulisho itaonekana mara mbili na jina litasimamishwa. Ulizeni kwanza kama kuna mtu aliwahi kumsajili popote.

Usajili mpya haufunguliwi kila siku. Lakini aende kwa chifu hata kama dirisha limefungwa, ajulikane, aulize lini litafunguliwa na aombe kaya yake iingizwe kwenye sajili ya kitaifa ya kaya zinazohitaji msaada. Malalamiko na maswali ya Inua Jamii hupokelewa kwa namba 1533, na kuipiga ni bure.

Jibu, kutoka Buruburu

Nikubali yote hapo juu, niongeze moja kuhusu fungu la yatima: hiyo 2,000 ni ya kaya nzima. Wengi huja wakihesabu wajukuu watatu mara 2,000 na kuondoka wakidhani chifu amewala. Na mtu mmoja halipwi kutoka mafungu mawili. Kwa kaya hii, fungu la nyanya ni la umri wake, na la mtoto mwenye ulemavu linaombwa kwa jina la mtoto, likipokelewa na mlezi.

Kwa huyo mtoto, ushauri wangu ni kwamba mlezi anayeandikwa asiwe nyanya pekee. Kuwe na mtu wa pili mzima anayeishi karibu, ambaye chifu anamfahamu. Nyanya akilazwa wiki tatu na hakuna mwingine aliyeandikwa, pesa ya mtoto inakaa bila mtu wa kuichukua.

Swali tena, kutoka Leeds

Asanteni sana. Kuhusu hospitali: nimeanza kumwandikisha nyanya SHA nikitumia namba yangu, na nilifikiri dada yangu aliyeajiriwa Nairobi angemweka chini yake kama mtegemezi. Je, inawezekana?

Jibu, kutoka South B

Haiwezekani, na ni vizuri umeuliza mapema. SHA ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 ikichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, na mchango wa mtu unamfunika yeye, mwenzi wake wa ndoa na watoto wao. Mzazi hayumo. Dada yako anaweza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi na mama yake bado akakosa huduma ya kulazwa. Nyanya lazima awe na akaunti yake.

Acha pia kutumia namba yako. Hospitalini mgonjwa huthibitishwa, na ujumbe wa kuthibitisha ukitumwa unaenda kwenye simu iliyoandikishwa. Nyanya atakuwa amekaa kwenye benchi pale mapokezi, ujumbe unaingia Leeds saa tisa usiku wakati umelala. Tumia laini yake, ile ile ya Inua Jamii.

Msimbo ni *147#, kwenye laini ya Kenya. Baada ya kuweka kitambulisho na wategemezi, kuna maswali ya kupima uwezo wa kaya: kuta na paa ni za nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, wanapikia nini, wako wangapi. Maswali haya ndiyo yanayoamua atalipa kiasi gani kwa mwaka, na watu wa nje huyaharibu. Mtu aliye ng'ambo huyajibu akiwaza nyumba anayoijengea familia mashambani, au anaona aibu kusema kwamba choo ni cha ploti nzima. Nyanya ayajibu mwenyewe akiwa ameketi mahali anapoishi, na ajibu ukweli. Ikiwa kuna mtu anamtumia pesa na ameulizwa, aseme.

Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na ajira rasmi hulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600 kwa pamoja. Wengi husajiliwa, wakaona ujumbe wa kukaribishwa, wakadhani wamemaliza. Kusajiliwa pekee kunampa mtu huduma za msingi kwenye zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na ya 3. Kulazwa, upasuaji na hospitali kubwa kunahitaji mchango uwe umelipwa. Sote tunajua familia zinazochanga laki mbili kwenye kundi la WhatsApp mgonjwa akiwa tayari wodini, ilhali ile ya mwaka haikulipwa. Kwa wewe uliye Leeds, huu ndio mchango wa kwanza wa kutuma, na utume ukiwa na jina lake: ni wa SHA, si wa chakula.

Kuna mpango wa kuchangia kwa mkopo unaoitwa Lipa SHA Pole Pole, na tangu 2025 serikali hulipia baadhi ya kaya maskini kabisa. Kaya za kulipiwa hutambuliwa kupitia majibu yale yale ya kupima uwezo, kwa hiyo aliyeacha maswali katikati hawezi kuonekana.

Wajukuu wanaandikishwa chini yake, lakini kwa kuwa si watoto wake wa kuzaa, vyeti vya kuzaliwa pekee huenda visitoshe. Tayarisheni karatasi za ulezi. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo inashughulikia hilo. Nendeni na vyeti vya vifo vya wazazi na barua ya chifu.

Na ikitokea mgonjwa amelazwa hospitali ya umma, kama Mama Lucy Kibaki au Mbagathi, na bili imewashinda, muulizie afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza. Yeye ndiye anayeanzisha ombi la kupunguziwa au kusamehewa. Ukingoja hadi siku ya kutoka, anakuwa hana muda wa kuchunguza kaya na kitanda kinaendelea kuhesabiwa.

Jibu, kutoka Kangemi

Kuhusu mtoto mwenye ulemavu: kabla ya pesa yoyote kunahitajika tathmini ya daktari. Inafanywa kwenye hospitali za serikali zilizoidhinishwa, na hospitali huwa na siku zake za tathmini. Ulizeni siku hiyo kwanza, maana kumbeba mtoto wa miaka 11 kwenye matatu na kuambiwa mrudi Alhamisi ni mateso. Fomu ikishajazwa na kuidhinishwa, maombi ya kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Huduma Centre, kwa mfano ya Makadara, wanaweza kuwasaidia wasiojua mtandao.

Wekeni nakala za fomu hiyo, tena kadhaa. Kadi ya Baraza ndiyo inayofungua maombi ya kiti cha magurudumu na vifaa vingine. Msinunue kiti cha dukani mkikimbilia bei. Kiti kisichopimwa kwa mwili wa mtoto kinampinda mgongo, na kwa mtoto asiyejishikilia kinahitaji mikanda na egemeo la kichwa. Ombeni mtaalamu wa tibamaungo aandike vipimo.

Jibu, kutoka Umoja

Sasa shule. Wa gredi ya 4: kama shule yake iko kwenye Dishi na Kaunti, mtoto anakula mchana kwa shilingi 5. Mpango huu wa kaunti ya Nairobi na shirika la Food4Education ulianza 2023. Mtoto huvaa bangili ya kugusisha, mzazi anaijaza kwa simu. Shilingi mia moja ni chakula cha siku ishirini. Mwalimu mkuu ndiye wa kuulizwa.

Wa gredi ya 9 ana haraka zaidi, kwa sababu ufadhili wa shule ya upili una msimu mfupi. Wings to Fly na Elimu Scholarship hupokea maombi kupitia matawi ya benki ya Equity, na fomu hazilipiwi. Wanaangalia alama na umaskini kwa pamoja, kisha wanahoji na kutembelea nyumbani. Mtoto wa kaya hii, yatima tena mwenye ndugu mlemavu, ana hoja nzito, lakini hoja lazima iwe na karatasi: vyeti vya vifo vya wazazi, kitambulisho cha nyanya, kadi ya Baraza ya yule ndugu, barua ya chifu. Nimeona maombi mazuri yakianguka kwa kukosa cheti cha kifo tu. Kama hakikuchukuliwa, kianzwe leo.

Basari za eneo bunge na za wadi ni milango miwili tofauti, ombeni kote. Kayole iko Embakasi ya Kati. Fomu huhitaji muhuri wa shule na wa chifu, na hundi huandikwa kwa shule, haiji mkononi. Pesa hugawanywa kwa watu wengi, kwa hiyo mara nyingi haifikii karo nzima. Tena Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria ya mfuko wa maeneo bunge inakiuka katiba, kwa hiyo ulizeni ofisini hali ilivyo kabla ya kuweka matumaini yote hapo.

Jibu, kutoka Buruburu

Jambo dogo la stima, kwa kuwa ni ploti. Tangu Aprili 2023 bei ya chini ya umeme wa nyumbani ni ya wanaotumia wastani usiozidi yuniti 30 kwa mwezi, ukipimwa kwa miezi mitatu. Kaya kama hii ikiwa na mita yake hukaa humo kwa urahisi. Ikichangia mita moja na nyumba nane, wote wanapanda bei ya juu. Wakihama, watafute chumba chenye mita yake hata kama kodi imezidi kidogo.

Na wakimtajia Hustler Fund kama msaada, jueni ni mkopo. Unaombwa kwa *254#, riba ni asilimia 8 kwa mwaka na unarudishwa ndani ya siku 14. Una kazi yake kwa mwenye biashara inayozunguka. Kwa nyanya asiye na biashara, usimpe deni.

Swali la mwisho, kutoka Leeds

Nimeelewa. Yule kijana nimemkatalia. Nyanya ana simu ya kubofya na laini ni ya marehemu mwanawe. Dada yangu yuko huru Jumamosi pekee. Aanze na nini?

Jibu, kutoka South B

Pole sana kwa msiba huo. Jumamosi hii: laini mpya kwa kitambulisho cha nyanya. Simu ya kubofya inatosha kabisa, *147# haihitaji intaneti. Waketi pamoja nyumbani, wamalize usajili wa SHA na maswali yote, utume 3,600 au kiasi kitakachoonyeshwa. Laini ya marehemu msiizime kabla hamjaangalia kama ina pesa, na kama kuna akaunti au shule iliyoandikishwa kwa namba hiyo. Ofisi ya chifu na ya watoto ni siku za kazi, kwa hiyo huko nyanya aende na mzee wa mtaa, asubuhi, na vyeti vyote viwe kwenye bahasha moja. Dada yako apige picha kila karatasi kabla haijatoka nyumbani.