Aldosteroni imepanda, presha haishuki: chanzo ni nini?

Mpandangazi: Wakuu, shikamooni. Nina miaka 36, presha inacheza kwenye 160/100 na natumia dawa tatu, mojawapo ya kukojosha. Usiku naamka mara nne. Juzi mapaja yalilegea katikati ya ngazi, nikabaki nimeshika ukuta. Majibu: potasiamu iko chini, 2.9, aldosteroni iko juu. Chumvi niliiacha kabisa wiki tatu kabla ya kupima. Homoni hii inapandishwa na nini? Mawazo?

Mzee wa Vidonge: Pole sana. Mimi niliambiwa ni mawazo, mwaka ukapita. Kumbe kivimbe kwenye tezi ya adrenali, ile inayokaa juu ya figo. Si saratani. Tezi ya upande ule ikatolewa, sasa nabaki na kidonge kimoja.

Nesi wa Zamu: Taratibu jamani, si kila mtu ana kivimbe. Mpandangazi, renini ilikuwa ngapi? Aldosteroni peke yake ni nusu ya habari. Figo zikihisi damu haizifikii vya kutosha hutoa renini, nayo huipandisha aldosteroni ili mwili ushike chumvi na maji. Ndivyo inavyokuwa mshipa wa figo ukibana, moyo ukichoka, ini likijaa makovu, hata kwenye ujauzito. Dawa ya kukojosha nayo inaipandisha. Na kuacha chumvi! Yaani ulijipandishia mwenyewe kabla ya kutolewa damu.
Renini ikiwa chini huku aldosteroni iko juu, hapo tezi inajiamulia yenyewe: kivimbe upande mmoja au tezi zote mbili kutanuka. Mara chache ni ya kurithi.

Mpandangazi: Renini hawakupima kabisa.

Nesi wa Zamu: Basi omba zipimwe pamoja, asubuhi, ukiwa umeshaamka kwa muda wa kama saa mbili hivi. Potasiamu irekebishwe kwanza. Ikiwa chini kwa kawaida huishusha aldosteroni, na yako imepanda hivyohivyo, ndiyo maana sipuuzi. Usiache dawa yoyote bila daktari.

Mzee wa Vidonge: Kwa hiyo arudie chumvi?

Nesi wa Zamu: Kiasi cha kawaida kabla ya kipimo, daktari akiridhia. Kwa presha hiyo asijiamulie. Na 2.9 haisubiri wiki ijayo. Moyo ukidunda ovyo, hospitali usiku huohuo.

Mpandangazi: Naenda leo. Nitaomba na renini.