Mafundi wa "kufufua picha za zamani", mnatufutia wazee wetu!

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitazunguka mbuyu. Hizi steshenari na studio zenye mabango ya "tunafufua picha za zamani", nyingi hazifufui kitu. Zinaitupa sura ya mtu wako, zinakutengenezea sura ya mtu mwingine, na hela unalipa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala. Picha yake tunayo moja tu, nyeusi na nyeupe, inaenea kiganjani. Ilikuwa na mkunjo uliokatiza kifuani, madoa ya ukungu kwa juu, na kona moja imeliwa na mende. Usoni ilikuwa salama kabisa. Fundi nilimwonyesha kwa kidole: shughulika na mkunjo, madoa na kona, uso usiuguse. Akaitikia vizuri, akapokea elfu arobaini yake.

Nilichokabidhiwa ni picha ya mwanamke nisiyemjua. Bibi alikuwa na nembo usoni, mistari ya pembepembe iliyopangana mashavuni na kwenye paji la uso, ile ya kuchanjwa kwa kisu na kupakwa masizi. Mdomo wa juu alivaa ndonya. Sasa nembo hakuna hata moja, mashavu yamelainishwa yote. Ndonya imeondolewa, mdomo umechorwa upya, mwembamba, na umewekewa tabasamu. Pua imechongwa. Ngozi imepaushwa. Machoni wamemtilia mng'ao wa taa za studio, wakati bibi alipigwa picha nje, jua kali, kakunja uso. Na kaniki yake wameipaka rangi ya kahawia!

Narudi kuuliza, naambiwa: "Dada yangu, mbona bibi katoka mrembo? Hiyo mikwaruzo programu imeitoa yenyewe." Nembo za bibi yangu anaziita mikwaruzo! Ukoo mzima wa upande ule ukiiona ile picha ya zamani wanamtambua kwa zile nembo kabla ya kitu kingine.

Na msiniambie teknolojia ndivyo ilivyo. Naijua inavyofanya kazi, ndiyo maana nimekasirika zaidi. Chukueni GFPGAN, programu ya akili bandia ya kurekebisha nyuso kwenye picha, iliyotoka mwaka 2021 na kusambaa kila mahali. Imefunzwa kwa mkusanyiko wa nyuso 70,000 zilizotolewa Flickr, mtandao wa kuwekea picha. Ukiipa uso uliofifia, inaunda uso mpya unaoelekea kufanana na ule, kwa mazoea iliyoyapata kwenye hizo nyuso. Kilichofutika kwenye karatasi haiwezi kukijua, inakibuni. Na kisichofanana na mazoea yake inakiona uchafu. Mwaka 2020 programu nyingine, PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Obama iliyofifishwa ikatoa sura ya mzungu. Dunia nzima iliona. Sasa kama Obama, mwenye picha zimejaa kila kona ya dunia, alifanywa hivyo, bibi wa Newala mwenye picha moja atasalimika vipi mikononi mwa fundi asiyelinganisha hata mara moja kilichoingia na kilichotoka?

Rangi nazo ni hivyo hivyo. Filamu ya nyeusi na nyeupe haikuhifadhi rangi, ilihifadhi mwanga na kivuli. Nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kile kile. Anayekupakia rangi bila kuuliza familia nguo ilikuwa ya rangi gani anakisia tu, na anatakiwa akwambie kwamba anakisia.

Haya si mambo madogo ya urembo. Aprili 2021 chombo cha habari cha Vice walichapisha picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Kambodia, watu waliopigwa picha na utawala wa Khmer Rouge kabla ya kuuawa. Ikaonekana baadhi yao wamebadilishwa nyuso, wamewekewa tabasamu. Tabasamu, mtu anayesubiri kuuawa! Serikali ya Kambodia ikapinga, Vice wakaziondoa. Huko angalau kulikuwa na picha za asili za kulinganisha nazo.

Maana kwangu hata ya asili wameiharibu, na hapa ndipo nimeshindwa kulala. Fundi "kanisaidia" kwa kuipiga laminesheni ya moto bila kuulizwa. Picha za aina ile zina utando wa jelatini. Joto la ile mashine na gundi ya plastiki vikishashika, havitoki bila kubeba picha yenyewe. Na nyuma kaweka karatasi nyeupe, ikafunika mwandiko wa babu wa penseli: Newala, 1958, na jina la bibi. Mama kaigeuza geuza akiutafuta ule mwandiko, mpaka nikamwambia umefunikwa.

Kazi hii ina namna yake na si siri. Picha ndogo unaiskani kwa dpi 1200 (nukta 1200 kwa kila inchi), unahifadhi faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha, hilo huligusi tena. Unafanyia kazi nakala. Ufa unauziba kwa kuchukua sehemu ya jirani yake, pole pole, kwa mkono. Palipolika kabisa na hujui palikuwa na nini, unamuuliza mwenye picha au unapaacha. Ya asili unairudisha kama ulivyoipokea, pamoja na ile skani ya kwanza. Anayeona ni kazi kubwa aseme, tutatafuta mwingine.

Mimi nimedai skani ya kwanza. Jibu: imefutwa, kompyuta ilijaa. Hela wananirudishia nusu. Nimeikataa, nataka faili, na najua faili lililofutwa mara nyingi linaweza kurudishwa kama mafaili mapya hayajaandikwa juu yake kwenye diski. Mwenye uzoefu wa kuokoa mafaili Dar es Salaam aje PM leo, kabla hawajaendelea kujaza ile kompyuta. Na kama humu kuna mtu amefanya kazi ya kuhifadhi picha makumbusho au kwenye nyaraka, naomba aniambie hiyo plastiki nisiifanye nini.