Darasa la kwanza limejaa, Mtwara mjini: rufaa inaanzia wapi?

Swali: Shule ya serikali jirani na kazini imesema nafasi hakuna, nimpeleke mtoto ya mtaani kwetu. Kazini naingia saa 1:30 asubuhi. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, anza na mwalimu mkuu, kwa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, ubaki nayo. Mwalimu mkuu akikataa, nenda kwa Afisa Elimu Kata; bila nakala hiyo atakurudisha shuleni. Ikishindikana kwake, panda kwa Afisa Elimu Msingi wa manispaa.

Jibu: Usiandike "kazi inanibana" tu. Taja saa ya kuingia na kutoka, na nani angemvusha mtoto barabara kama haupo. Ambatisha barua ya mwajiri, ya mwenyekiti wa mtaa, na kopi ya cheti cha kuzaliwa. Kagua majina yafanane kote, herufi kwa herufi. Hapo ndipo wengi wanakwama.

Jibu: Wakati unasubiri mwandikishe huko mtaani, tafadhali. Nafasi ikipatikana utaomba uhamisho. Mtoto asikae nyumbani hadi Machi! Na ada hakuna. Hela ya "kutafutiwa nafasi" usitoe.